Mlingoti wa Tanga, Antena ya Scarborough

Nilipowasili Toronto mwezi Oktoba 1999, sanduku langu lilikuwa na vitu vitatu nilivyovithamini kuliko nguo: kanda ya video ya harusi yangu, kaseti 14 za taarab alizonifungia mama ndani ya kanga, na redio kaseti ndogo ya betri. Mume wangu alikuwa ametangulia miaka miwili, akapanga nyumba ya vyumba viwili katika ghorofa ya 11 huko Scarborough, upande wa mashariki wa jiji, na roshani yetu ilitazama kusini, kwenye Ziwa Ontario. Jioni ya kwanza, baada ya kula, alitaka tuitazame harusi yetu pamoja, kwa kuwa yeye alikuwa hajaiona tangu alipoondoka. Akaisukuma kanda ndani ya deki, akabonyeza, tukaona mistari ya kijivu ikipanda na kushuka, na sauti za mashangazi zangu zikasikika nyembamba, za haraka, kama za watoto wanaofukuzana. Nilikaribia kulia. Nilidhani kanda imeungua kwenye mashine za ukaguzi uwanja wa ndege.

Kanda ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba Tanzania ilitumia mfumo wa PAL, ambao picha yake ina mistari 625, ilhali Kanada, sawa na Marekani, ilitumia NTSC wenye mistari 525, na deki ya mfumo mmoja haisomi kanda ya mwingine. Jirani mmoja alituelekeza kwenye maduka ya Wahindi ya Gerrard Street, ambako wahamiaji kutoka nusu ya dunia walikuwa wakipeleka kanda zao kugeuzwa. Tulilipa dola 25 na kungoja siku tatu, na hivyo harusi yangu ikaonekana Kanada, ingawa rangi ya maua ilikuwa imefifia. Miaka michache baadaye, ndugu waliposafiri kuja na diski za filamu za Bongo, tulikutana na ukuta wa namna ileile kwa sura mpya: diski za DVD zilizotengenezwa kwa ajili ya Afrika zilipewa namba ya eneo la 5, na mashine zilizouzwa Kanada zilikuwa za eneo la 1. Tangu hapo sijawahi kununua chombo cha kutazamia au kusikilizia bila kuuliza kwanza kitakataa nini. Wauzaji wengi huwa wamejiandaa kueleza kile kinachokubali.

Lazima niseme kidogo juu ya televisheni nilikotoka, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Sisi watoto wa Ngamiani, Tanga, tulitazama picha za Zanzibar kwa hisani ya fundi redio mmoja wa barabara yetu, aliyesimamisha mlingoti mrefu wa boriti za mikoko na kufunga antena kileleni. Picha ilivuka bahari ikatufikia, ikiwa na chenga, na ilikuja na kuondoka kwa matakwa ya upepo. Ikipotea, kijana wake alipanda juu ya paa la bati akaugeuza mlingoti polepole, na sisi tuliobanana sebuleni tukampigia kelele kupitia dirishani: "Bado! Bado! Hapo hapo!" Mama yangu, ambaye hakupenda televisheni lakini alipenda mkusanyiko, alikuwa akikaa karibu na mlango, na kila mara alitoa agizo lilelile kwenda juu: "Usianguke."

Basi fundi wa kampuni ya kebo alipokuja nyumbani kwetu Scarborough mwanzoni mwa mwaka 2000, akachomeka waya mweusi ukutani na kutuonyesha chaneli zaidi ya 60 zisizo na chenga hata moja, niliona kwamba hayo ndiyo maendeleo. Sikuuliza bei. Jirani zetu walituambia kwamba majira ya baridi ya Kanada hayapitiki bila kebo, na kwa mtu ambaye alikuwa hajawahi kuona jua likizama kabla ya saa kumi na moja jioni, maneno hayo yalikuwa na uzito.

Nilichochelewa kukijua ni namna kifurushi kinavyofanya kazi. Hukununua chaneli, ulinunua furushi, na ndani ya furushi chaneli moja unayoitaka ilifungwa pamoja na kumi usizozitaka. Mwanamke mmoja niliyefanya naye kazi alinisimulia kwamba mwezi Januari 1995 wateja wa kebo nchi nzima walichachamaa, kwa sababu kampuni ziliongeza chaneli mpya na kuwatoza watu wote isipokuwa yule aliyepiga simu kuzikataa. Zilirudi nyuma safari hiyo. Lakini yeye mwenyewe, aliyekuwa mmoja wa waliochachamaa, alikuwa bado analipia furushi lilelile miaka sita baadaye. Bili yetu ilianza na dola 38 kwa mwezi. Kila mwaka iliongezeka dola tano sita, na kila ongezeko lilikuwa na maelezo yake: king'amuzi cha kidijitali cha kukodi, chaneli za michezo, kodi. Kufikia 2010 tulikuwa tunalipa dola 94, bila ya siku hata moja ambayo ningeweza kusema kwamba siku hii ndiyo tulikubali kulipa dola 94.

Pamoja na kebo tulikuwa na duka la kukodisha filamu, na hilo ninalikumbuka kwa mapenzi, japo lilinikamua. Ijumaa jioni mume wangu alipotoka kazini tulikwenda na watoto, mmoja amezaliwa 2001 na mwingine 2004, tukazunguka baina ya rafu kwa muda ambao mara nyingi ulizidi urefu wa filamu yenyewe. Watoto walijifunza kusoma Kiingereza kwenye migongo ya maboksi yale. Kijana wa kaunta alijua kwamba mimi sipendi filamu za damu, na akiniona nimeshika moja hutikisa kichwa tu kimyakimya. Kukodi filamu mpya kulikuwa dola tano na ushee kwa usiku mmoja au mbili, na hapo ndipo penye mtego, maana duka halikuishi kwa bei ya kukodisha peke yake bali pia kwa faini za kuchelewesha. Diski moja ya katuni iliwahi kuteleza chini ya kiti cha gari, tukaitafuta nyumbani wiki nzima, na siku nilipoirudisha nilidaiwa dola 38. Nililipa nikiwa nimekasirika, halafu usiku nikakaa na risiti zote za mwaka ule, nikagundua kwamba faini zilikuwa zimekaribia theluthi ya fedha yote tuliyoitumia dukani.

Maduka yale yaliondoka kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia. Mei 2011 Blockbuster ya Kanada, yenye maduka zaidi ya 400, iliwekwa chini ya mfilisi, na kabla ya mwaka kwisha yote yalikuwa yamefungwa. Mwaka uliofuata kampuni ya kebo ya Rogers nayo ikaacha kukodisha filamu katika maduka yake. Duka letu lilipofunga liliuza kila kitu, hata rafu, na yule kijana wa kaunta, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, aliniuzia katuni ileile ya dola 38 kwa dola mbili. Zilikuja njia za mpito: kampuni ya Ottawa iliyotuma diski kwa posta, ikafa 2014, na mashine nyekundu za Redbox zilizosimama mbele ya maduka makubwa, nazo zikaondoka Kanada 2015. Sikuzitumia vya kutosha hata nizililie.

Kilichotuokoa sisi ni daftari. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na huko kila mkaazi ana daftari la alichokula na alichokunywa, kwa sababu ukimuuliza mtu kwa mdomo atakwambia amekula vizuri, ilhali sahani yake imerudi jikoni vilevile. Mwezi Februari 2011 nikaweka daftari la mistari kando ya televisheni na kuwaomba watu wa nyumbani waandike kila chaneli waliyoitazama kwa zaidi ya dakika kumi. Mume wangu alilalamika kwamba nimeigeuza nyumba kuwa hospitali, lakini aliandika. Siku 28 zilipotimia, katika chaneli zaidi ya 130 tulizokuwa tunazilipia, tulikuwa tumetazama tisa. Nilizihesabu mara mbili. Tatu kati ya hizo zilikuwa za kebo tu: ya mpira wa Ulaya, ya katuni na ya filamu za Kihindi. Sita zilizobaki zilikuwa CBC, CTV, Global, TVO ya vipindi vya elimu vya Ontario, na mbili za Marekani, NBC na PBS, kutoka mji wa Buffalo.

Nilimwonyesha orodha ile fundi wa jengo ninakofanya kazi, mzee kutoka Guyana, akacheka sana. Akaniuliza kwa nini ninalipia hewa. Chaneli zote sita, alisema, zinapita juu ya roshani yako usiku na mchana bila malipo: za Toronto zinarushwa kutoka Mnara wa CN, na za Buffalo zinavuka ziwa. Nilikuwa nimeutazama mnara ule kwa miaka 11 nikidhani ni wa watalii. Kumbe mnara huo wa mita 553, uliofunguliwa 1976, ulijengwa kwa sababu majengo marefu ya katikati ya jiji yalikuwa yanaziba mawimbi ya redio na televisheni, na kazi yake ya tangu mwanzo ni kurusha matangazo juu ya vichwa vya majengo hayo.

Mume wangu hakutaka kusikia neno antena. Kwake antena ilikuwa chenga na mlingoti wa Ngamiani, na hakuvuka bahari ili arudi huko. Tukangoja hadi tarehe 31 Agosti 2011, siku ambayo vituo vya miji mikubwa ya Kanada vilizima mitambo ya analojia na kuhamia dijitali. Ndipo nikanunua antena ya dola 45, yenye ukubwa wa sinia la pilau, nikaifunga kwa waya upande wa ndani wa vyuma vya roshani ili mwenye jengo asipate la kusema, nikaielekeza ziwani na kuiagiza televisheni itafute chaneli upya. Ilipata 23. Picha ya CBC ilikuwa safi kuliko ile ya kebo, jambo ambalo fundi wa Guyana alikuwa amenieleza na sikumwamini: kampuni za kebo hubana picha ili zienee nyingi kwenye waya mmoja, na ya hewani haibanwi kiasi hicho. Mume wangu alikaa kimya kama nusu saa. Mwisho akauliza kama mpira wa Ulaya nao unapatikana. Haukupatikana, na kwa haki niseme kwamba yeye ndiye aliyetoa sadaka kubwa katika nyumba yetu.

Sitaki msomaji afikiri kwamba antena ni dawa ya kila mahali. Rafiki yangu aliyehamia mji mdogo wa kaskazini mwa Ontario alijaribu kuniiga na hakupata kitu, kwa sababu CBC ilizima mitambo yake ya analojia iliyobaki, zaidi ya 600, tarehe 31 Julai 2012, na sehemu hizo hazikuwekewa ya dijitali. Na ilipofika Desemba ya mwaka huohuo, Dar es Salaam nayo ikazima analojia, zamu ya Tanga ikafuata, na dada yangu akanipigia simu kunung'unika kwamba lazima anunue king'amuzi ili aone kile alichokuwa akikiona bure. Mimi wakati ule nilikuwa nimeshakirudisha changu kwa kampuni ya kebo, nikiwa nimekifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na rimoti. Tulicheka, ingawa yeye hakucheka sana.

Antena ilikuwa na faida moja ambayo sikuitafuta. Sheria za utangazaji za Kanada huruhusu kituo cha nchini kinachoonyesha kipindi kilekile na kwa saa ileile kama kituo cha Marekani kuitaka kebo iweke picha yake, pamoja na matangazo yake ya biashara, mahali pa ile ya Marekani. Ndiyo maana watu wa hapa walilalamika miaka mingi kwamba hawayaoni matangazo maarufu ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani. Tume ya utangazaji na mawasiliano, CRTC, iliuondoa utaratibu huo kwa mchezo huo tu kuanzia 2017, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikaitengua amri hiyo Desemba 2019. Lakini wimbi linalovuka ziwa kutoka Buffalo halipiti mikononi mwa kampuni ya kebo, kwa hiyo hakuna wa kulibadilisha. Mwanangu aliponong'ona habari hiyo shuleni, tulipata wageni vijana tisa sebuleni, wamejaa viatu vya theluji mlangoni, wakitazama mchezo ambao mimi hadi leo siuelewi na kunyamaza kimya kila tangazo la biashara lilipoanza.

Mwaka 2016 nilishawishika kurudi kwenye kebo. Mama alikuwa anakuja kukaa nasi miezi mitano ya baridi, na CRTC ilikuwa imeamua kwamba kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo kila kampuni iwe na kifurushi cha msingi kisichozidi dola 25, na kuanzia Desemba wateja waweze kuchagua chaneli moja moja na pia vifurushi vidogo. Nilipiga simu nikiwa na kalamu mkononi. Msichana wa huduma kwa wateja alikuwa na adabu, na kila alichoniambia kilikuwa kweli. Dola 25 zilikuwepo. King'amuzi cha kukodi kilikuwa juu ya hizo. Chaneli ya filamu za Kihindi haikuwemo, ilikuwa na bei yake. Punguzo tulilokuwa tunapata kwenye intaneti halikwenda pamoja na kifurushi hicho. Nilipojumlisha mbele yake, nikimsomea tarakimu kwa sauti, ilikuwa dola 71, akanyamaza kidogo kisha akasema kwamba kwa dola 79 ningepata kifurushi kikubwa. Nilimshukuru, nikakata simu. Nilijifunza siku ile kuuliza swali moja tu kwa kampuni yoyote: mwezi wa 13, ofa zote zikiisha, nitalipa jumla ya dola ngapi? Wengi hawawezi kulijibu papo hapo.

Hatukuwa watakatifu wa kutazama hewani tu. Netflix ilikuwa imeingia Kanada tarehe 22 Septemba 2010, nchi yake ya kwanza nje ya Marekani, kwa dola 7.99 kwa mwezi, nasi tukajiunga baada ya kuacha kebo. Kilichotushtua hakikuwa bei hiyo bali intaneti yenyewe. Mpango wetu ulikuwa na kikomo cha gigabaiti 60 kwa mwezi, na filamu ya picha safi ilikula hadi gigabaiti tatu kwa saa. Mapema 2011 nchi nzima ilikuwa kwenye mabishano juu ya kutoza intaneti kwa kipimo, malaki ya watu walitia saini kupinga, na Machi mwaka huo Netflix yenyewe ikashusha ubora wa picha kwa wateja wa Kanada ili wasimalize gigabaiti zao. Mimi niliyasoma hayo kama habari za watu wengine. Likizo ya Krismasi ya mwaka tuliojiunga, watoto wakiwa nyumbani na nje kuna baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, bili ya intaneti ilikuja na nyongeza ya dola 47. Tulihamia kwa mtoaji mdogo asiye na kikomo wiki iliyofuata, na nikabandika karatasi kwenye rauta: kutazama kwa mtandao kuna bili mbili.

Baada ya hapo huduma ziliota kama uyoga. Kampuni za kebo zenyewe zilianzisha zao: Shomi ya Rogers na Shaw ilianza Novemba 2014, na kufikia tarehe 30 Novemba 2016 ilikuwa imefungwa, Crave ya Bell ilianza Desemba 2014 na ipo hadi leo. Kila studio ikachukua filamu zake na kufungua duka lake. Mwaka 2022 nililitoa tena lile daftari, safari hii kwa ajili ya kadi ya benki, nikakuta tunalipia huduma tano kwa jumla ya dola 91. Miaka 11 baada ya kukimbia dola 94! Binti yangu ndiye aliyetoa shauri la upatu: huduma moja tu kwa mwezi, kila mtu achague kwa zamu yake, na mwezi ukiisha tunaifunga kabla ya kufungua nyingine. Hakuna mkataba unaotuzuia, na vipindi haviozi. Mume wangu huchagua mwezi wenye mpira.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na maktaba, na ninaona aibu kwamba niliichelewa. Maktaba ya umma ya Toronto ina matawi 100, lililo karibu nasi ni dakika nane kwa miguu, na huazimisha filamu kwa DVD bila malipo. Siku hizi haitozi hata faini ya kuchelewesha. Bodi ya Taifa ya Filamu nayo iliweka maelfu ya filamu zake mtandaoni bure tangu 2009. Nilipita mbele ya mlango wa maktaba ile kila Ijumaa nikielekea kulipa faini ya duka la filamu.

Kosa ambalo sijalimaliza moyoni ni la kile kisanduku. Mwanamume mmoja aliyekuja kwenye sherehe yetu ya Idi alikuwa akiuza visanduku vyeusi kwa dola 200, akisema vina chaneli zote za dunia, pamoja na za Dar es Salaam na Nairobi, bila kulipa tena maisha yako yote. Tulinunua. Kwa miezi minne tulitazama taarifa ya habari ya Kiswahili saa za kule, mume wangu akapata ligi yake, kisha asubuhi moja kikawa na maandishi meupe tu, na namba ya muuzaji haikupatikana tena. Mwaka huohuo wa 2016 Mahakama ya Shirikisho iliwazuia kwa amri wauzaji kadhaa wa visanduku vya namna hiyo, na Novemba 2019 ikaziamuru kampuni za intaneti zifunge anwani za huduma mojawapo. Sikuhitaji mahakama kuniambia kwamba nilijua. Kitu cha dola 200 kinachokupa bure kile ambacho wengine hukiuza, hakuna asiyejua ni nini. Siku hizi vituo vya nyumbani viko YouTube kwa ridhaa ya wenyewe, na habari tunazipata kwa njia hiyo.

Muziki ulikuwa na safari yake. Majira yangu ya kwanza ya baridi, mume wangu alinipeleka Yonge Street kuona duka la Sam the Record Man, lenye santuri mbili kubwa za taa zilizozunguka usiku kucha, na ndani yake, kwenye rafu moja na muziki wa Mali na Kuba, nilikuta CD mbili za taarab ya Zanzibar. Nilizishika kwa muda mrefu, nikazirudisha, kwa sababu moja ilikuwa bei ya chakula cha wiki. Duka lile lilifungwa tarehe 30 Juni 2007, na maduka ya HMV yakafuata 2017. Zile santuri za taa zilihifadhiwa, na sasa ziko juu ya jengo linalotazama uwanja wa Dundas, ambao siku hizi umepewa jina la Kiakan, Sankofa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeingia duka la muziki la mtandaoni la iTunes, lililofunguliwa Kanada Desemba 2004, wimbo senti 99. Kompyuta ilipokufa 2009 nilikuwa sijaweka nakala popote, na sikumbuki hata nilinunua nyimbo gani. Spotify ilipofika Septemba 2014, binti yangu aliniundia orodha ya taarab. Ninaishukuru. Lakini katika huduma mbalimbali nilizotumia nimeona wimbo ukigeuka kijivu katikati ya orodha, haubonyezeki, kwa sababu haki zake zimehama mahali fulani baina ya watu nisiowajua, na mwezi unaofuata jina lake halipo kabisa.

Kaseti za mama hazijageuka kijivu. Nyingi ni za kununua, za Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoipa Tanga jina katika taarab. Lakini mbili alizirekodi mwenyewe kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa kuweka redio mbili uso kwa uso juu ya meza na kutuamuru tusipumue. Baina ya nyimbo unamsikia jogoo, na mahali pamoja mama anamwambia mdogo wangu afunge mlango. Mwaka 2003 shemeji yangu aliziunganisha na kompyuta, akaziweka zote 14 kwenye CD. Sheria ya Kanada iliyoanza kutumika 1998 humruhusu mtu kunakili muziki kwa matumizi yake mwenyewe, na kwa ajili hiyo kila CD tupu hutozwa ushuru, wakati ule senti 21, baadaye 29, zinazokwenda kwa watunzi, waimbaji na watayarishaji. Sidhani senti yangu hata moja ilifika Tanga. Baadaye nilizihamishia kwenye diski mbili za kompyuta, moja kwangu na moja kwa dada yangu, na kaseti zenyewe bado zimo ndani ya kanga ileile. Mkanda wa mpira wa redio kaseti umekatika mara mbili, na mara zote mbili nimepata mwingine.

Novemba iliyopita upepo mkali ulivuma kutoka ziwani siku mbili mfululizo. Picha za dijitali hazina chenga. Zikiharibika hukatika vipande vya miraba na sauti ikakwama, na chaneli zote za Buffalo zilikuwa hivyo. Mwanangu, ambaye sasa ana nyumba yake lakini hula kwetu Jumapili, alivaa glavu akatoka roshani kuigeuza antena, nami nikabaki mbele ya televisheni nikimpigia kelele kupitia mlango wa kioo. Simu ilikuwa imesimamishwa mezani, imeegemea bakuli, mama akiwa hewani kutoka Tanga.

"Bado," nikasema. "Bado. Bado. Hapo hapo!"

Mama akasogeza uso karibu na simu yake hadi nikaona jicho moja tu. "Mmeipata Zanzibar?"

"Buffalo, mama."

"Haya," akasema. "Mwambie asianguke."